Kila duara likikaribia dhahabu nilikuwa nahama, mpaka siku nilipotaka kumhama mtaalamu wa saikolojia

Wakuu wa mjini na wa machimboni, nawasalimu wote.

Juzi nimesoma humu mtu anasema mambo ya psychology ni ya watu walioshiba. Nikacheka, kwa sababu na mimi nilikuwa naongea hivyo hivyo. Leo naleta yaliyonikuta mwenyewe. Sina cha kuongeza, na nikidanganya mke wangu yupo hapa pembeni anasoma.

Mimi ni Mkurya wa Nyanungu, nachimba dhahabu Kemambo. Sio kwenye kampuni. Ni haya maduara yetu, yaani mashimo ya kuchimba kwa nyundo na moko (tindo), mnashuka kikundi mnafuata mwamba.

Mkiukaribia mwamba wenyewe, jiwe linaanza kusoma. Maana yake ukilitwanga na kuliosha kwenye karai, unaona njano imelala chini.

Sasa tatizo langu lilikuwa hapo hapo.

Jiwe likianza kusoma tu, mimi nagombana na mtu. Huyu kaniangalia vibaya, yule ana dharau. Nafunga godoro langu naenda kwenye rashi nyingine, yaani machimbo mapya. Nikishaondoka, nasikia wenzangu wamepata.

Ikatokea tena na tena mpaka ikawa utani wa machimbo yote. Walikuwa wanaambiana, "Mura (yaani kijana), ukiona jamaa kafunga godoro, wewe katafute mbuzi wa kuchinja." Eti mimi nimekuwa kipimo cha dhahabu!

Mimi nikajua nimerogwa. Huku ni kawaida, kikundi kabla ya kushuka kinapitia kwa mganga, anawatajia nani kalifunga duara. Mimi nimetajiwa jirani, nikatajiwa shangazi, mara ya mwisho nikatajiwa mzee wa kanisa. Wote niliwanunia bure, masikini.

Mke wangu anaitwa Bhoke, kwao ni Ringwani, watu wa kilimo, waliotulia. Siku moja ananipakulia chakula akaniambia kwa upole kabisa:

"Baba Robhi, mimi kuhama nimechoka. Ukifunga hilo godoro tena, narudi kwetu na mtoto. Na safari hii usinifuate. Mambo ya ng'ombe wa mahari watajuana wazee."

Wakuu, Bhoke akipiga kelele sina wasiwasi. Akiongea kwa upole ndio naogopa. Nampenda yule mwanamke, sitaki kuzunguka.

Na wakati huo duara letu lilikuwa limeanza kunukia dhahabu. Kifua kikaanza kubana, pumzi haishuki. Nikaenda hospitali Mugumu, wakapima kila kitu, daktari akasema mwili hauna shida. Akaniandikia nimuone mama mmoja wa ushauri.

Tumuite mama Zuhura. Mtu wa makamo, ushungi wake safi, kazaliwa Tarime kwa wazazi wafanyabiashara waliotoka pwani. Kiswahili chake kimenyooka mpaka mimi nikawa naona aibu na changu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Hapa useme chochote kinachokujia, hata ukiona hakina maana."

Nikasubiri atoe kioo, au kitabu, au hata dawa. Hakuna. Akakaa, na mimi nikakaa. Nikaongelea mvua.

Session iliyofuata nikajiongeza. Kwa mtaalamu mtu haendi mikono mitupu, nikabeba jogoo. Nikamfunga miguu nikamlaza chini ya kiti. Katikati ya mazungumzo akawika.

Mama akamuangalia jogoo, akaniangalia mimi. "Huyu ulitaka anisaidie nini?"

"Ili unitajie, mama."

"Nikutajie nani?"

"Aliyenifunga."

"Wewe ungependa awe nani?"

Mganga anatajia watu majina, huyu ananirudishia swali! Jogoo nikarudi naye, Bhoke akamtia sufuriani, na tulimfaidi.

Lakini nikaendelea kwenda, maana kifua kilikuwa kinaachia kidogo kila nikitoka pale. Alinieleza kazi yake kwa lugha ya kawaida. Kuna mambo mtu anayazika akiwa mdogo, na kwa kuwa hayajasemwa, yanatafuta njia ya kutokea kwenye matendo. Unayarudia bila kujua kuwa unarudia.

Akasema pia tabia unayowafanyia watu wako, ipo siku utamfanyia na yeye. Hapo moyoni nikasema, mama, mimi nina heshima zangu.

Basi siku moja, sijui nilitokea wapi, nikaanza kuongelea sahani.

Nilipokuwa mdogo, tata, yaani baba yangu, alikuwa mchimbaji. Akapata. Pale nyumbani watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Kesho yake akaenda Tarime kuuza, akavuka mpaka pale Sirari, hakurudi. Baadaye tukasikia ana mji mwingine, yaani familia nyingine, Kenya.

Mama yangu kila jioni alikuwa anampakulia ugali wake, anaufunika kwa sahani. Asubuhi tunaula sisi, umepoa, umekuwa mgumu. Hakuna aliyesema kitu. Tulikula tu.

Niliisimulia hiyo nacheka. Mama Zuhura hakucheka.

Ghafla hasira ikanipanda. Nikasimama. "Mama, hii kazi yako haina maana. Unakaa kimya tu, umenidharau. Mimi naondoka na sirudi tena."

Nimeshika mlango, nikamsikia nyuma yangu, sauti ile ile ya kila siku: "Baba, uliniambia huwa unahama wakati gani?"

Nikasimama pale.

"Jiwe likianza kusoma," nikasema.

"Na leo?"

Wakuu, nilirudi kwenye kile kiti nikalia. Mimi niliyetahiriwa mbele ya ukoo mzima bila kupepesa jicho! Nililia kwa sauti, na yule mama alinisubiri mpaka nikamaliza.

Na nikasema mwenyewe, kwa mdomo wangu: tata akipata dhahabu, haonekani tena. Akili ya mtoto ndivyo ilivyokuwa imeelewa. Kwa hiyo nilikuwa nakwepa kupata, ili nisije kuwa yeye. Nilitaka niwe baba anayebaki, na kazi yangu ya kila siku ikawa kuondoka.

Msidhani nilitoka pale nimepona. Nilirudi mara nyingi, na mengine bado tunayachimba.

Ila nilishuka tena kwenye lile duara. Jiwe likasoma, na hasira ikaja kama kawaida, safari hii kwa Marwa, mwenzangu wa shimoni. Nikamwambia, "Mura, leo nikikutukana usinijibu. Sio wewe."

Marwa akashika kiuno. "Sasa godoro unafunga au hufungi? Nataka kujua habari ya mbuzi."

Tukacheka mle shimoni hadi tukakaa chini. Sikufunga.

Tukapata. Sio utajiri wa kununua ghorofa, ila tulipata. Wenzangu wakashika njia ya mjini kusherehekea, wakaniita. Mimi nikaelekea nyumbani, na kusema kweli niliogopa kuliko siku yoyote niliyoshuka shimoni.

Bhoke alikuwa mlangoni. Habari ilikuwa imeshamfikia, na hadithi ya tata anaijua, mama yangu alimsimulia. Mezani kulikuwa na ugali umefunikwa kwa sahani.

Akaniangalia, midomo ikamcheza. "Umerudi."

"Nimerudi."

Nikafunua. Mvuke ukanipiga usoni. Nikaula wa moto, wakuu, mpaka chembe ya mwisho.

Nilichojifunza: kama kuna jambo linakurudia kila mara na lina sura ile ile, acha kwanza kutafuta mchawi. Tafuta mtu anayejua kusikiliza, ukae naye. Na siku utakayotamani sana kumkimbia, ujue mmekaribia mwamba.

Aliyewahi kupitia hii kitu aseme, na anayepinga pia aje kwa hoja. Nitawajibu baadaye kidogo, Bhoke ameshapakua na hapendi ugali wangu upoe.