Hita ya Nyumba Nyingine

Mume wangu ni fundi umeme, na mtaani wanamwita Kweli Tupu. Mdomo wake hauna breki. Akimaliza kazi lazima amkabidhi mwenye nyumba kile kilichoharibika, mkononi kabisa, kisha amwambie bila kupepesa macho: "Hiki umekiua mwenyewe." Ametupotezea wateja hadi basi. Mimi ndiye ninayemshikia tochi na kumwombea radhi.

Siku hiyo tuliitwa na mwalimu mmoja mstaafu. Uani kwake kulikuwa na kibwawa cha plastiki, vile ambavyo pampu inasukuma maji na mtu anaogelea papo hapo. Maji yalikuwa yamegoma kupata moto.

"Mke wangu alikuwa anaumwa," akatuambia. "Miguu ilikuwa inamtii humu tu, tena maji yakiwa ya moto. Yakapoa. Fundi wa dukani akawa ananipiga kalenda, na mimi umeme nauogopa. Mwenzangu akawa ananibembeleza aingie hata mara moja tu. Tumemzika mwezi uliopita. Sasa nataka kujua tu, hiki kibwawa kilikuwa na nini?"

Mume wangu akazima swichi kuu, akafungua boksi la umeme, akapima hita kwa mita. Nzima. Nyaya nazo hazikuwa na kasoro. Akaenda kufungua mfuniko wa chujio.

Lilikuwa limeziba kwa nywele. Nywele ndefu zenye mvi, mafungu kwa mafungu, zilizomdondoka mama wa watu kwa ukali wa dawa. Maji yalikuwa yanapita kwa shida, na hita ya aina ile maji yakipungua hujizima yenyewe isije ikaungua. Umeme haukuwa na kosa lolote. Ilikuwa kazi ya kuchomoa chujio na kulisuuza bombani, basi. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, maana namjua mume wangu.

Akalisuuza, nywele akazikusanya kwenye kitambaa akanipa. Kisha akaenda kwenye gari, akarudi na hita nyeusi, imeungua, tuliyoing'oa nyumba nyingine asubuhi ile. Akaiweka mkononi mwa mzee.

"Tatizo lilikuwa hili, mzee. Hapo usingeweza kufanya kitu. Hata mimi, bila kipuri, nisingeweza."

Tangu tuoane sijawahi kumsikia akidanganya. Alidanganya vibaya, macho chini. Nilimpenda kupita kiasi dakika ile, na moyo uliniuma kwa ajili yao wote wawili.

Akawasha swichi. Pampu ikanguruma, taa ya hita ikawaka. Mzee aliigeuzageuza ile hita. Mimi nikaanza kuelekea kwenye pipa la taka na kitambaa changu.

"Binti yangu," akaniita taratibu. Alikuwa amemnyooshea mume wangu ile hita. "Hii chukueni. Hizo nywele niachie."