Kitabu cha Nyuki Nilichofungia Maandazi

Nina hasira, na safari hii sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kirushya, Ngara. Macho yalipokufa alinipa vitabu vyake vyote, gunia zima. "Mama, mimi sivioni tena. Kasome." Nikaitikia. Nikalipakia gunia kwenye basi hadi Nyakanazi, ninakouza chai na maandazi kwa madereva wa malori, nikaanza kuchana kurasa za kufungia, kuanzia nyuma.

Usinishangae. Mimi kusoma nilifundishwa kwa fimbo. Kidato cha nne tulikariri dhamira na wahusika wa vitabu ambavyo nusu yetu hatukuvifungua. Siku ya mtihani wa mwisho tulichana madaftari uwanjani huku tukiimba. Nilijua nimemaliza kusoma kama mtu anavyomaliza kifungo.

Halafu ikaja siku ya mvua, malori hayasimami, mtoto amelala mgongoni. Nikashika kitabu kilichokuwa kimebaki nusu. Kilihusu nyuki, wanavyoupepea mzinga kwa mbawa joto likizidi. Nikasoma nimesimama. Hakuna aliyeniuliza dhamira!

Kuanzia hapo nilisoma kila kilichobaki gunini: safari za wauza chumvi, magonjwa ya ng'ombe, hata uchimbaji wa vyoo. Kulikuwa na riwaya ambamo mke anaitwa mchawi kwa sababu ng'ombe wa mumewe wanavimba tezi na kufa. Wiki iliyofuata, kwenye kitabu cha mifugo, nikazikuta tezi zilezile. Nikapiga kelele kibandani, "Ni kupe! Wajinga nyie, ni kupe!" Wateja wakadhani nimeumwa na kitu.

Lakini yule mke aliishia wapi? Mwisho wa riwaya nilishaufungia maandazi. Dereva mmoja akanitania, "Dada, juzi uliniuzia mama anafukuzwa. Leo nipe andazi la mwanzo, nijue kakosa nini."

"Hakukosa kitu. Alirudi kwake?"

"Sijui, dada. Hapo palikuwa na mafuta."

Pasaka nilikwenda Kirushya na mabaki ya vitabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeniletea vitabu? Nisomee kile cha nyuki. Pale mwishoni, kundi linapohama."

Ningeweza kudanganya. Haoni. Nikasema, "Baba, nilikifungia maandazi."

Alikuwa ameshika mguu wa mwanangu. Akaendelea kuushika.

"Chote?"

"Nusu. Ya mwisho."

"Maandazi yenyewe yalikuwa matamu?"

Bora angenipiga.

"Haya," akasema, "soma mpaka ulipochana. Mbele mimi nitaendelea, nakijua kile."

Nikasoma. Midomo yake ilikwenda pamoja na yangu, neno kwa neno, na nikaona raha ambayo ningekuwa nayo miaka yote ile kama nisingekuwa mpumbavu. Nilipofika nilipochana nikaishia hapo. Akachukua yeye: kundi linatoka mzingani, linatanda juu ya migomba, malkia yumo katikati, linatua kwenye tawi. Kisha akakwama.

"Halafu wale wa kwanza wanatumwa… wanatumwa…"

Nilisubiri.

"Nitakumbuka," akasema.

Kila nikimpigia simu namuuliza. Hajakumbuka.