Akala za Gurudumu la Mbele

Jana mjukuu wangu huyu anayeniandikia hadithi hii alinunua viatu vya mvua kwa simu, bila hata kuvishika. Nilikumbuka alasiri moja pale Ruiru, mimi na mama tukiwa mbele ya fundi wa akala, viatu vinavyokatwa kutoka magurudumu makuukuu, harufu ya mpira wa lori uliokaa juani ikinichoma puani.

Sikutulia. Siku hizo za mkoloni lango la kijiji chetu lilifungwa jua likizama, na aliyebaki nje alikiona cha moto mikononi mwa askari. Hata hivyo mama alizitumbukiza akala katika karai la maji, akavuta kamba zake kwa nguvu, kisha akazipigapiga juu ya jiwe.

"Mama Wairimu, unanunua viatu au unafua?" fundi akamtania.

"Mtoto huyu hutembea juu ya kokoto kila siku, mvua na jua. Gurudumu hili lilikuwa la mbele au la nyuma?"

"La mbele. Halijachoshwa na mzigo."

Neno la mzigo halikuniingia. Niliamini tu kwamba akala za gurudumu la nyuma huwa za mwisho kufika.

Mama alilipa, nikazivaa, tukashika njia. Nilikimbia juu ya kokoto, nikawapita wanawake wote waliokuwa wakiharakisha kurudi kijijini, nikaingia langoni na kugeuka. Askari alikuwa ameshika komeo. Mama aliingia wa mwisho, akichechemea, miguu mitupu. Nilimwonea huruma, kwa kuwa yeye hakupata hata za gurudumu la nyuma.