Pikapu ya Milka Yachemka Tena

Mara ya pili pikapu ya Milka iliporudi gerejini ilivutwa kwa kamba, na samaki walikuwa bado ndani. Harufu ilitangulia kuingia uani. Zadock alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, kikombe cha chai mkononi. Alikiweka chini bila kukimaliza, akainuka polepole kama mtu anayeinua gunia, ila gunia lenyewe lilikuwa mwili wake.

Injini ile aliifunga yeye. Haikuwa imemaliza wiki mbili tangu ipate pistoni mpya, ringi mpya na gasketi mpya. Siku ya kwanza ilinguruma vizuri hata mafundi wengine wakasimama kuisikiliza. Lakini ilipopewa mzigo wa samaki kutoka Usenge, ilichemka kabla ya kufika mjini. Walibadilisha thamostati, kile kidude kinachofungulia maji njia injini ikipata moto, wakamrudishia Milka gari lake. Sasa limechemka tena, na Milka alikuwa kando ya barabara tangu alfajiri akifukuza nzi.

Hakupiga kelele. Alimwendea mwenye gereji, Bwana Obiero, akasema kwa sauti ya mtu ambaye maneno yamemwishia.

"Nimechoka kuambiwa ni kitu gani. Niambie ni mtu gani."

Obiero alikuwa ameinunua gereji ile mwaka wa sabini, na mpaka sasa, miaka miwili baadaye, alijua bei ya tairi kuliko alivyojua injini. Jibu alikuwa nalo tayari. Kabla ya injini kufungwa, kichwa chake kilisawazishwa na Wakoli, fundi wa mashine aliyetoka upande wa Kimilili miezi minane nyuma. Ni Wakoli pia aliyeosha njia za maji ndani ya injini. Kichwa kikiwa hakikulala sawasawa, moto hupenya ukaingia kwenye maji, na gari huchemka. Hilo lilijulikana hata na wauza mitumba wa soko la Kibuye. Basi Obiero akamwambia Zadock aitafute kasoro siku ile ile, na ikiwa ni kazi ya Wakoli, Wakoli atamaliza Jumamosi aende kwao. Aliyasema hayo Wakoli akiwa amesimama pale pale, tupa mkononi. Wakoli alijibu tu kwamba alikilaza kichwa juu ya kioo na karatasi ya sigara haikupita. Kisha akarudi kwenye mashine yake. Alikuwa na watoto watano mtaani Manyatta.

Zadock alifungua boneti, akangoja injini ipoe. Siku hizi alipenda kazi ya kungoja. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na alikuja Kisumu mwaka ule vita vya wazungu vilipokwisha, akaanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mwezi uliopita alimzika ndugu yake Joram huko kwao, mbele ya Bondo. Yeye ndiye mkubwa aliyebaki, kwa hiyo kila mgeni alimpa mkono yeye, na kila mkono ulichukua kitu kidogo. Alirudi kazini siku ya tisa. Uchovu alikuja nao.

Injini ilipopoa aliijaza maji, akauacha mdomo wa rejeta wazi, akaiwasha. Moto ukiwa unapenya, maji hutokota mapovu kama uji. Alitazama sana. Hapakuwa na povu hata moja.

Hapo alijua kuwa kichwa alichokisawazisha Wakoli ni kizima. Angeweza kuita na kusema. Hakuita. Alijiambia angoje kwanza aijue habari yote; lakini chini ya wazo hilo palikuwa na jingine. Kasoro isipokuwa kwa Wakoli, itakuwa wapi? Vitu vingine vyote ni mkono wake.

Akavuta waya wa mafuta, injini ikanguruma, na maji mdomoni mwa rejeta yakasimama vile vile. Yalipaswa kukimbia. Aliweka kiganja juu ya rejeta, pakamchoma. Akakishusha mpaka chini, pakawa baridi kama mtungi. Maji hayazunguki. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Ilibaki pampu ya maji. Akaizima injini, akangoja tena, akafungua feni, akafungua pampu na kuigeuza mwangani. Mapanga yake yalikuwa mazima, hata kutu hayana.

Akaingiza vidole viwili katika tundu ambalo pampu husukumia maji ndani ya injini. Akagusa kitu laini.

Ndani ya injini hakuna kitu laini. Alichukua koleo akavuta, na kikatoka kitambaa, kirefu kama mkono wa shati, kimegeuka rangi ya kutu. Alikikamua. Maua ya buluu yakajitokeza, na katikati ya kila ua nukta ya njano. Lilikuwa gauni la mkewe Dorca, alilomchania wakati wa Pasaka apate kufutia mikono. Mafundi wengine walitumia magunia. Maua yalikuwa yake peke yake.

Akakumbuka jioni ile. Wadudu wa ziwa walipanda juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua, na upepo ukawaleta mjini. Waliingia kwenye taa, kwenye chai, kwenye macho. Injini ya Milka ilikuwa wazi, na injini ikijaa wadudu wale huwa tope. Alifunika silinda kwa gunia, akaziba kila tundu kwa kitambaa. Tundu hili alilizibia ndani sana. Hajamaliza, kijana wa baiskeli akaingia uani na kumwambia Joram hayupo tena. Aliweka koleo chini akaondoka. Aliporudi aliondoa vitambaa vyote. Alidhani ni vyote.

Akakitia mfukoni, akarudisha pampu. Alilizungusha gari mpaka Kibuye na kurudi, mara tatu, na mshale wa moto haukupanda. Obiero alimkuta akifunga boneti, akauliza ilikuwa nini. Zadock akasema njia ya maji ilikuwa imeziba.

"Si Wakoli ndiye aliyeosha hizo njia?"

"Ndiyo," Zadock akasema. "Aliziosha."

Ilikuwa kweli. Aliondoka na kweli hiyo kwenda nyumbani kula, na ilikuwa nzito kuliko vyuma vyote alivyobeba siku ile.

Dorca alimwandalia samaki na ugali. Zadock hakunawa. Dorca akaona doa la maji kwenye mfuko wa ovaroli, akavuta ncha iliyochungulia.

"Baba Apiyo, gauni yangu imeoga wapi?"

"Ndani ya injini ya Milka."

Dorca alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Basi Zadock akamweleza, tangu wadudu mpaka lile neno moja alilomjibu Obiero. Dorca alikikunja kitambaa, akakikunjua.

"Na Wakoli amekula?"

"Sijui."

"Mtu ameambiwa Jumamosi ni mwisho. Hawezi kula." Aliinuka, akafunika chakula kile kile katika bakuli la bati. "Mpelekee. Na hii kitambaa usiniachie hapa."

Alipofika gerejini, Wakoli alikuwa akipanga tupa zake ndani ya boksi, kubwa chini, ndogo juu. Milka alikuwa amekuja kuchukua gari, na Obiero alikuwa akimweleza kwamba mtu mwenyewe ameshapatikana. Zadock alitandaza kitambaa juu ya boneti.

"Uliuliza ni mtu gani, Mama. Ni mimi."

Milka alitazama maua, akamtazama yeye.

"Ulikuwa na nini siku hiyo?"

"Nilikuwa na wadudu. Halafu nikawa na msiba."

"Pole, Mzee. Lakini samaki wangu wameoza."

"Ndiyo. Wameoza."

Obiero alikuna kidevu, akasema kuanzia Jumatatu Wakoli ndiye atakayefunga injini, na Zadock atakuwa akitafuta kasoro tu za magari yanayoletwa. Zadock alingoja ajisikie ameaibishwa. Alichokisikia ni mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Wakoli akafunua bakuli, akanusa.

"Mzee, hii samaki haijatoka kwa pikapu?"

"Imetoka kwa Dorca. Kula."

Wakoli alikula amesimama, upesi. Kisha akanawa, akatoboa pembe ya kile kitambaa, akakifunga mkia wa waya urefu wa mkono mzima. Tundu likizibwa nacho, mkia ubaki nje uonekane. Akakitundika kwenye msumari juu ya boksi la tupa.

Zadock alirudi kwenye tairi lake. Chai ya asubuhi ilikuwa pale pale, imepoa, imefanya utando juu. Aliupuliza kando akainywa.