Toleo Lisilofunguliwa

Petronila Ancira alikodisha vitabu vya katuni kibarazani pake, mtaa wa Guerrero, jijini Meksiko. Alivining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mteja hulipa, huketi kwenye benchi, husoma, hurudisha. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Shule aliiona kwa nje tu, akipita na kapu la nguo za watu.

Aliyemsomea alikuwa bintiye, Zenaida. Kila alasiri, wateja wakipungua, mtoto alisoma kwa sauti hadithi ya bi harusi aliyefukiwa mgodini siku ya harusi yake, na ambaye kila wiki, toleo kwa toleo, alizidi kuchimba kuelekea juu.

Kisha Zenaida akashikwa na homa ya mapafu. Toleo la mwisho lilitoka akiwa kitandani.

"Usilifungue, mama," alisema. "Nikipata nafuu nitakusomea mwenyewe."

Hakupata nafuu. Kabla rozari za matanga hazijaisha, mumewe Petronila, Eleuterio, alihamia kwa mwanamke mpiga pasi wa mtaa wa pili. Aliondoka na redio, koti la mvua na toleo lile. Mwanamume akiondoka hubeba chenye bei; kaburi humwachia mke.

Tangu hapo sauti ilianza. Petronila akiwa anapanga vitabu, Zenaida alimsomea nyuma ya sikio, taratibu, akimeza mate kwenye maneno marefu, tangu toleo la kwanza hadi lile la kabla ya mwisho. Hapo hukwama, kama mtu aliyefika mlangoni hana ufunguo, kisha huanza upya. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Majirani walimshauri aolewe tena.

"Mmoja kanitosha," akawajibu. "Mzimu angalau hauli."

Nywele zake zilikuwa zimeshaingia mvi alipoliona tena toleo lile. Ilikuwa Jumapili, soko la Lagunilla, mezani kwa mzee Leobardo, mkusanyaji wa katuni. Lilikuwa ndani ya kasha gumu la plastiki, na juu yake namba: tisa nukta sita.

"Usiliguse, mama! Hilo ukilipumulia tu, linashuka bei."

"Nani alikuuzia?"

"Bwana mmoja, Eleuterio. Anavaa koti la mvua hata jua linapochoma."

"Na hiyo namba?"

"Afya yake. Kumi ni kile ambacho hata malaika hajakishika. Mkunjo mgongoni, namba inashuka. Kutu kwenye pini, inashuka. Hili halijafunguliwa tangu litoke kiwandani. Ilikuwaje, Mungu anajua."

Petronila naye alijua. Thamani yote ile ilitokana na kifo cha mwanawe.

"Wewe umelisoma?"

"Kulisoma?" Mzee akacheka. "Mama, vitu hivi havisomwi."

"Basi umenunua jeneza."

Akamwambia kwamba matoleo mengine yote anayo, hata la kwanza. Leobardo akaacha kucheka. La kwanza hakuna mkusanyaji aliyewahi kuliona kwa macho.

"Liko katika hali gani?"

"Hali ya kukodishwa. Pembe zimeliwa, muhuri wangu uko jaladani, na ukurasa mmoja una mafuta ya tamale aliyokula mteja."

"Hiyo ni namba moja. Labda moja na nusu," alisema, kwa huzuni ya daktari. "Lakini lipo! Unataka kiasi gani?"

"Vunja hilo kasha unisomee. Ukimaliza, chukua yangu yote, na hilo baki nalo. Mwanangu anasubiri mwisho. Nataka apumzike."

"Nikivunja, namba inakufa!"

"Namba haina mama."

Jumapili iliyofuata alileta furushi lake. Leobardo alilichungulia, akapiga ishara ya msalaba, akapasua kasha kwa bisibisi. Ikatoka harufu ya wino, mbichi kama ya jana. Akasoma kwa sauti ya mtu anayetaja bei. Bi harusi anachimba, anachimba, anaona mwanga. Katika picha ya mwisho, mkono unashuka kutoka juu kumshika.

"Endelea."

"Hakuna zaidi. Wanasema mkono wa nani utajulikana wiki ijayo. Lakini kampuni ilifilisika mwezi ule, mama. Hakukuwa na wiki ijayo."

"Na wewe ulijua?"

"Ningejuaje? Sikuwahi kulifungua."

Ahadi ni ahadi. Petronila aliacha furushi mezani, akaenda zake.

Kesho yake alasiri sauti ilianza tena. Petronila alifagia kibaraza huku akisubiri ikwame pale pale. Haikukwama. Zenaida alisoma toleo la mwisho, neno kwa neno, maneno ambayo hakuyaona akiwa hai. Alipofika kwenye mkono alinyamaza, na Petronila akaegemeza ufagio ukutani, akashusha pumzi.

Karatasi ikasikika ikigeuzwa. Mtoto akameza mate, akaendelea. Alisoma mkono ulivyomvuta bi harusi, na walikokwenda, na waliyemkuta huko, mambo ambayo hakuna mtu aliyeyaandika wala kuyachora. Ndipo Petronila alipoogopa kwa mara ya kwanza. Kitabu kisichochapishwa hakina ukurasa wa mwisho.

"Inatosha, mwanangu," alisema. "Pumzika sasa."

Zenaida akageuza karatasi nyingine.