Aliyemfundisha Mama Kusoma

Nimeandika makala nyingi kuipinga falsafa isemayo kwamba wazo hupimwa kwa kazi linayoifanya. Wasomaji wangu hudhani nina hoja tu. Hoja ninazo, lakini chini yake kuna wivu, na wivu huo niliupata katika kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Kabuku.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimefunzwa kuchambua maneno mpaka yabaki mifupa. Tulipelekwa wawili kufundisha watu wazima kusoma. Mwenzangu alikuwa Msambaa wa Lutindi, mcheshi, mfuasi wa falsafa hiyo niliyoitaja. Kijiji chenyewe ndicho alichohamia mama yangu, nami nilijiapiza kwamba kusoma atafundishwa na mimi. Nilidhani mcheza kwao hutunzwa.

Darasani nilianza na tofauti ya "kila" na "baadhi". Wazee waliniitikia kwa adabu, kisha wakasinzia. Mwenzangu hakujali darasa. Siku za kualikana, watu wanapolimiana mashamba kwa zamu, alikwenda nao na jembe lake, na wakipumzika kunywa togwa aliandika udongoni kwa kijiti: pamba, dawa, mvua. Wiki ya tatu mama naye akaliacha darasa langu, akawa mwanafunzi wake. Nilibaki na chaki na madawati.

"Unawapa maneno bila kuyaeleza," nilimwambia.

"Wakiyatumia watayaelewa, ndugu yangu," alijibu, akacheka.

Nilimchukia kwa kicheko kile kuliko kwa jibu lenyewe. Nilifikia hata kuomba mvua kubwa inyeshe siku za kualikana, mimi niliyejidai kuwa mtu wa mantiki.

Baada ya mavuno nilimkuta mama amekaa mlangoni, barua nilizomwandikia kutoka chuoni zimejaa mapajani. Miaka yote alikuwa akisomewa na mwenye duka. Sasa alisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya kila neno. Nilitaka kufurahi, nikashindwa.

"Shikamoo, mama. Amekufundishaje upesi hivyo?"

"Marahaba. Siku ya kwanza tu aliniuliza ninataka kusoma nini. Nikamwambia, barua za mwanangu." Hakuinua macho. "Wewe, baba, hukuniuliza."