Mama wa Samaki na Mbwa Aliyependa Makaratasi

Habari ilinikuta pale inaponikuta kila habari, kwenye kiti changu cha mianzi, miguu juu ya sanduku, nikisubiri chai inifuate. Mke wangu alirudi kutoka sokoni na kapu tupu, akasimama mlangoni, akasema mama wa samaki amefariki huko Tchomia, kando ya ziwa, na watu wanakusanyika kwa binti yake, upande wa pili wa mji. Ninyi mnaonisoma kwa muda mrefu mnajua kwamba mimi si mtu wa kutoka. Nimewaandikia juu ya dunia nzima bila kuvuka ua wa nyumba yangu hapa Rwambuzi, mjini Bunia. Lakini asubuhi hiyo nilianza kutafuta viatu kabla chai haijafika, na mke wangu akaweka kapu chini ili anitazame vizuri.

Ili mjue alikuwa nani, sina budi kuanza na mbwa. Marehemu mwenyewe angeanza na mbwa. Miaka ile ya vita nilikuwa nikimpigia barua kwa mashine Mzungu mmoja wa mambo ya barabara. Mji ulipochafuka alipata nafasi ndani ya ndege, mtu mmoja na mfuko mmoja, na mbwa hakuhesabiwa kuwa mtu wala mfuko. Nikaachiwa urithi wa aina mbili: sanduku la ripoti za barabara ya Niania, barabara ambayo haikutengenezwa, na mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, wa ile jamii kubwa ya Kijerumani yenye masikio ya kusimama. Nyayo zake zilikuwa kama sahani. Jina lake la Kizungu halikuweza kutamkwa na yeyote nyumbani, tukamwita Muzito. Alikula kama mgeni na kukojoa kama ng'ombe, na mahali alipopachagua kwa kazi hiyo ya pili palikuwa katikati ya sebule.

Sebule yenyewe ilikuwa imeshapata wenyewe. Juma lile lile alitufikia mama mmoja aliyekimbia Tchomia na binti yake mdogo, na vikapu viwili vya samaki wa moshi. Mke wangu alikuwa akinunua samaki kwake kwa miaka mingi, akimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alituzidi umri. Basi nami nikamwita yaya, naye akaniita shemeji, na tangu siku hiyo akajipa ruhusa yote ambayo neno hilo linabeba. Walitandika mkeka wao pale sebuleni. Siku ya tatu, Muzito aliulowesha mkeka huo huku mama wa watu akiwa amelala juu yake. Mke wangu hakupandisha sauti. Aliniambia tu kwamba Jumapili ikifika na mbwa huyo bado anakojoa ndani, atatolewa nje ya ua na mlango utafungwa. Sote tulijua maana yake. Siku zile mbwa asiye na mwenyewe hakumaliza barabara mbili: kama si risasi ya mtu anayejaribu bunduki, basi ni sufuria ya mtu mwenye njaa.

Mimi, msomi wa sekondari, nilianza mafunzo mara moja, na mafunzo niliyoyajua yalikuwa yale niliyopewa mwenyewe shuleni. Nilipokuta dimbwi nilimburuta Muzito, nikamsugulia pua pale, nikampiga kwa kandambili. Alijifunza upesi sana. Alijifunza kukojoa nyuma ya kabati, ambako sikuona, na mara moja ndani ya kiatu changu cha Jumapili. Yaya alinitazama siku mbili, akipanga samaki wake. Siku ya pili jioni nilijitetea kwa methali, nikasema samaki mkunje angali mbichi. Kumwambia neno hilo mtu aliyekunja samaki maisha yake yote kulikuwa kosa. Alichukua kambale mmoja mkavu kutoka kikapuni, amekunjwa duara, mkia mdomoni, akaniwekea mbele ya uso.

“Hii, shemeji, unazani niliikunja na kandambili? Unaikunja pole pole, mukono yako iko pale, macho yako iko pale. Na ku moto unaigeuza mbele ya kuungua, haiko kisha kuungua. Weye mubwa anakojoa asubui, unamupiga saa sita. Anajua nini? Anajua tu kama uko mubaya.”

Nikamuuliza basi nifanye nini. Akasema mtoto wa mbwa ana nyakati tatu za kukojoa, na mtu yeyote mwenye macho anaziona: akiamka, akisha kula, akisha kucheza. Saa hizo anashikwa taratibu, anapelekwa nje mahali pamoja, pale pale kila siku, na akimaliza tu anapewa kitu kitamu papo hapo, si baada ya kurudi ndani. Yeye atatoa vichwa vya samaki. Zamu ya alfajiri itakuwa yangu. Mahali alipachagua mwenyewe: mwisho wa ua, chini ya mti wa avoka, karibu na choo.

Hapa ndipo ninapopaswa kuungama. Tangu mapigano ya mwanzo sikuwa nimevuka kizingiti. Siku za risasi kila nyumba iliweka ndoo chumbani, na hakuna aibu katika hilo. Lakini risasi zilipotulia wengine walirudia choo chao, mimi nikabaki na ndoo. Hatua thelathini hadi kwenye avoka ziliniwia ndefu kuliko barabara ya Niania. Kwa hiyo zamu yangu ya alfajiri niliifanya kwa akili. Nilifungua lile sanduku, nikatandaza ripoti za barabara kwenye kona ya chumba mara mke wangu alipotoka kuwasha moto, Muzito akafanya kazi yake juu ya jedwali la madaraja, nikampa kichwa cha samaki, nikakunja karatasi na kuificha. Mbele ya watu nilisema mbwa ametoka. Sebule ilibaki kavu, mke wangu alianza kulegeza uso, na mimi nikapokea sifa za mwalimu.

Jumamosi, siku moja kabla ya hukumu, aliingia askari wa kundi lililokuwa likitawala mji juma hilo, mtu mzima mwenye ndevu, na bunduki begani. Alikuwa na makaratasi yenye mihuri na alikuwa akiandika nyumba na watu waliomo. Alituhesabu vizuri tu, kisha akamwona Muzito. Akasema komanda wake anapenda mbwa wa namna hii, akatoa kamba mfukoni. Binti wa yaya alijificha nyuma ya vikapu. Ili apate mikono miwili ya kufunga kamba, yule askari aliinama na kuweka makaratasi yake sakafuni.

Muzito aliyaona. Alizunguka mara mbili, kama alivyozunguka kila alfajiri juu ya madaraja yangu, akachuchumaa, akakojolea mihuri yote bila haraka, kisha akainua uso akanitazama, akingoja kichwa cha samaki.

Bunduki ilishuka begani kidogo. Aliyetangulia kusema ni yaya, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kumpimia mteja samaki.

“Mukubwa, utusamehe, hii iko mutoto bado. Karatasi yote yenye anaona chini, anakojoa. Sasa kule kwa komanda, makaratasi iko mingi?”

Askari alifikiri. Ilionekana wazi kwamba kwa komanda makaratasi yalikuwa mengi, na kwamba ni yeye angeulizwa. Alishika zile karatasi kwa kona, kwa vidole viwili, akazikung'uta.

“Mumulee kwanza,” akasema. “Akishakuwa na akili, nitarudia.”

Hakurudi. Juma lililofuata mji ulikuwa na wenyewe wengine. Nikifikiri sana, nadhani tofauti kati yao na Muzito ilikuwa ndogo. Kila kundi lililoingia Bunia lilizunguka mara mbili, likaacha alama yake kwenye kila kona, likaondoka, tukabaki sisi na fagio. Wengi wao nao walifundishwa kwa fimbo, baada ya kosa, na hakuna aliyewahi kuwashika taratibu na kuwaonyesha mlango uko wapi.

Lakini siku ile sikuwa na falsafa hiyo. Mlango ulipofungwa, yaya alinigeukia akauliza nani alimfundisha mbwa karatasi. Akaingia chumbani kwangu bila hodi, akarudi na ripoti iliyolowa katika mkono mmoja na ndoo yangu katika mkono wa pili, akaviweka mbele ya mke wangu, halafu akacheka hadi kitenge chake kikataka kufungwa upya.

“Mubwa iko bila kosa,” akamwambia mke wangu. “Anafuata mukubwa wake. Umupe juma mbili tena.” Kisha kwangu: “Leo uoga yako ilimuponyesha. Kesho utatoka naye.”

Kesho yake ndoo haikuonekana. Na sikuletewa chai kitini. Yaya alikuwa ameketi chini ya avoka, birika kando, kipande cha samaki juu ya sahani, amekunja miguu kana kwamba hakuna vita duniani. Nilimshika Muzito kifuani, nikahesabu zile hatua thelathini. Muzito alipata kichwa chake cha samaki, mimi nikapata chai na kipande changu, pale pale, si baada ya kurudi ndani. Ikawa hivyo kila alfajiri. Majuma mawili yalipokwisha Muzito alikuwa akikwaruza mlango mwenyewe, na mimi, sijui kwa nini, nilikuwa nikiamka kabla yake. Aliishi miaka kumi na moja, na hakulowesha tena mkeka wa mtu. Yaya alirudi Tchomia njia ilipofunguka.

Basi nilifika kwenye kilio kwa miguu, nimelowa jasho. Binti yule aliyejificha nyuma ya vikapu sasa ni mama wa watoto wanne. Alinitazama juu mpaka chini, macho yamevimba.

“Baba mudogo, kumbe ulitoka.”

Nikasema nimetoka. Akataka kulia, akacheka kwanza.

“Mama alikuwa anasema, ile mwaka ya vita alifundisha mbili kutoka inje. Moja tu ndiyo ilikuwa na mukia.”

Miaka yote hii nilidhani chai ile ilikuwa ukarimu. Aliyenifunza hakunisukuma wala hakunicheka mbele ya askari. Alitangulia nje na birika, akakaa mahali nilipopaogopa, akaningoja. Sijaona njia nyingine ya kumfundisha kiumbe mlango, awe na mkia au awe na vyeti. Walinipa kiti ndani pamoja na wazee. Nilikikataa. Chai yangu niliinywa nje.